Deni la Kina: Kwa Nini Wapiga Mbizi Hawawezi "Kufanya Haraka"

Jumapili jioni, tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliteleza kutoka kwenye kivuko cha MV Harambee kule Likoni, Mombasa, likazama na mama mmoja pamoja na binti yake wa miaka minne. Gari lilitolewa majini tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi na tatu. Muda wote huo familia ilisubiri, kamera zilisubiri, na Afrika Mashariki nzima ikawa inauliza swali moja: hawa wapiga mbizi wanangoja nini?

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunalijua swali hilo vizuri. Tuliliuliza mwaka 1996 ilipozama MV Bukoba, tukaliuliza tena mwaka 2018 ilipopinduka MV Nyerere pale Ukara. Ni swali la haki kabisa kwa mtu anayesubiri ndugu yake. Lakini sehemu kubwa ya jibu haiko kwenye uzembe wala uoga wa mtu yeyote. Iko kwenye damu ya mpiga mbizi mwenyewe, na historia ya namna binadamu walivyoligundua jibu hilo ni ndefu, ina mbuzi, madaraja, na watu wengi waliopooza njiani.

Tuanze na namba za Likoni, halafu turudi nyuma.

Mita 58 ni mbali kiasi gani?

Gari lile lilikuwa kwenye kina cha mita 58 hivi. Barabarani mita 58 si kitu, unazitembea kabla hujamaliza sentensi. Ndani ya maji ni dunia nyingine.

Shinikizo (au presha, kama tunavyosema mtaani) hupimwa kwa kipimo kinachoitwa baa. Siyo ile ya vinywaji. Ukiwa pwani, hewa yote iliyo juu yako inakukandamiza kwa baa 1 hivi. Kila ukishuka mita 10 ndani ya maji, unaongeza takriban baa 1 nyingine. Kwa hiyo mita 58 ndani ya bahari ni karibu baa 6.8.

Maana yake ni nini? Kwanza, kila pumzi unayovuta kule chini imebeba hewa karibu mara saba ya ile unayovuta juu. Mtu anayefanya kazi ya wastani hutumia lita 20 hivi za hewa kwa dakika akiwa nchi kavu. Kule chini zinakuwa lita 136. Mtungi wa kawaida wa lita 12, uliojazwa hadi baa 200, una lita 2,400 za hewa. Gawanya mwenyewe: dakika 17 hivi, mtungi mtupu. Na hapo hujahesabu hewa ya kupandia.

Pili, nitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa na ambayo kwa kawaida haitusumbui kabisa, ikivutwa kwa shinikizo hilo inalewesha. Mtu anakuwa kama aliyekunywa bia kadhaa bila kula. Mtu huyo ndiye tunayemtaka afunge kamba kwenye gari, gizani, maji yakimvuta huku na huku.

Tatu, na hapa ndipo penye mzizi wa makala hii: kwa kutumia hewa ya kawaida, majedwali ya jeshi la wanamaji la Marekani yanampa mtu dakika tano tu kwenye kina hicho kama anataka kupanda moja kwa moja bila kusimama njiani. Tano, na zinahesabiwa tangu anapoanza kushuka. Akizidisha hapo, mwili wake umeshakopa, na deni lazima lilipwe kabla hajatoka majini.

Bondo la sangara na chupa ya soda

Ukitaka kuelewa deni hilo, nenda mwaloni. Sangara aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu anaweza kufika juu tumbo limejaa, bondo limevimba, wakati mwingine utumbo umesukumwa hadi mdomoni. Bondo ni mfuko wa gesi. Shinikizo la maji likipungua ghafla, gesi iliyomo inatanuka. Wanaouza mabondo Mwanza wanaijua bei yake kuliko fizikia yake, lakini fizikia yenyewe ndiyo hiyo: shinikizo likipungua nusu, gesi inachukua nafasi mara mbili.

Mapafu ya mpiga mbizi yana hatari hiyohiyo, ndiyo maana somo la kwanza la kupiga mbizi kwa mtungi ni "usizuie pumzi unapopanda". Ila deni tunalolizungumzia ni jambo la pili, lililojificha zaidi. Mfano wake mzuri ni chupa ya soda.

Soda iliyofungwa haina mapovu. Gesi ipo, lakini imeyeyuka ndani ya kinywaji kwa sababu ya shinikizo lililomo chupani. Fungua kizibo ghafla, povu linafumka. Fungua polepole, gesi inatoka taratibu na hakuna kinachomwagika. Nitrojeni hufanya hivyohivyo kwenye damu, mafuta na misuli ya mpiga mbizi. Akiwa chini inayeyuka ndani yake kidogo kidogo. Akipanda polepole inarudi kwenye mapafu na kutoka kwa pumzi. Akipanda kwa kasi, mapovu yanatokea ndani ya mwili: kwenye viungo yanaleta maumivu makali, kwenye uti wa mgongo yanapoozesha, kwenye ubongo au mapafu yanaweza kuua.

Wafanyakazi wa makasha

Cha ajabu ni kwamba waliolipia somo hili kwanza kwa wingi hawakuwa wapiga mbizi. Walikuwa vibarua wa ujenzi.

Katikati ya karne ya 19, wahandisi wa Ulaya na Marekani walitaka kujenga nguzo za madaraja chini ya mito. Walishusha majini kasha kubwa lisilo na sakafu, wakasukuma hewa ndani yake kwa nguvu ili maji yasiingie, kisha watu wakaingia kuchimba. Ndani ya kasha walikuwa wazima. Walicheka, walifanya kazi. Tabu ilianza baada ya kutoka. Mwaka 1854 madaktari wawili wa Ufaransa, Pol na Watelle, waliandika walichokiona kwa wachimba makaa wa mawe waliofanya kazi kwenye hewa ya namna hiyo: hatari haikuwa kuingia, ilikuwa kutoka. Na waliona jambo jingine, kwamba mgonjwa akirudishwa kwenye hewa yenye shinikizo anapata nafuu. Tiba inayotumika mpaka leo ilikuwa tayari mbele ya macho yao.

Lakini kuona si kuelewa, na kuelewa si kutekeleza. Kwenye daraja la Eads kule St. Louis, mwanzoni mwa miaka ya 1870, vibarua zaidi ya kumi walikufa. Kwenye daraja la Brooklyn, New York, mhandisi mkuu Washington Roebling mwenyewe aliugua mwaka 1872 na afya yake haikurudi tena. Mkewe, Emily, ndiye aliyebeba maagizo kati ya chumba cha mgonjwa na eneo la ujenzi kwa miaka mingi hadi daraja likafunguliwa mwaka 1883.

Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alichapisha kitabu kikubwa cha majaribio yake. Alionyesha mambo mawili. La kwanza, mapovu yale ni ya nitrojeni. La pili, oksijeni yenyewe, hiyo tunayoiita uhai, ikivutwa kwa shinikizo kubwa inageuka sumu na kuleta degedege. Lishike hili la pili, tutalihitaji mbele.

Mbuzi wa London

Bert alijua dawa ni kupanda polepole. Swali lilikuwa: polepole kiasi gani? Jeshi la wanamaji la Uingereza lilimpa kazi hiyo mwanafiziolojia John Scott Haldane. Yeye na wenzake, Boycott na Damant, walichukua mbuzi. Kwa nini mbuzi? Ni mnyama mwenye ukubwa unaokaribia wa mtu kuliko panya, na akiumwa mguu anaunyanyua, huhitaji kumuuliza. Waliwaingiza kwenye chumba cha chuma, wakapandisha shinikizo, wakalishusha kwa njia mbalimbali, wakatazama nani anachechemea. Mwaka 1906 Damant mwenyewe na mwenzake Catto walizama kule Uskoti hadi mita 64 kupima majibu kwa miili yao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1908, na yalibeba mawazo matatu ambayo bado yamo ndani ya kompyuta za mkononi za wapiga mbizi wa leo.

Moja: mwili si kitu kimoja. Damu na ubongo hujaa nitrojeni haraka, mafuta na viungo hujaa polepole. Haldane aliugawa mwili katika makundi matano, la haraka likijaa nusu yake kwa dakika 5, la polepole kwa dakika 75.

Mbili: mwili unavumilia shinikizo kupungua nusu kwa mkupuo bila kuumia. Kutoka baa 2 kwenda baa 1 salama, kutoka baa 4 kwenda baa 2 salama.

Tatu: kwa hiyo usipande kwa mwendo mmoja kama walivyokuwa wakifanya. Panda haraka hadi nusu ya shinikizo, simama, subiri, panda tena kidogo, simama. Kama daladala, kituo kwa kituo, na vituo vya mwisho karibu na uso wa maji ndivyo virefu zaidi.

Jedwali lake lilifanya kazi kweli? Kati ya 1917 na 1924 Damant aliongoza kazi ya kuopoa dhahabu ya meli Laurentic iliyozama pwani ya Ireland, kwenye mita 40 hivi. Timu yake ilizama karibu mara 5,000 bila kupoteza mtu hata mmoja. Ukilinganisha na vibarua wa makasha miaka hamsini kabla, hiyo ni safari ndefu. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ile kanuni ya nusu haishiki sawa kwa kila kundi na kwa kila kina, wakairekebisha mara nyingi. Ila mfupa wake umebaki.

Ziwa lililo juu ya mlima

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna jambo Haldane hakulifikiria alipokuwa na mbuzi wake London. Majedwali yake yalidhani kwamba unapotoka majini unakuta hewa ya pwani.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Sisi tunaolitazama kutoka vilima vya Buswelu tuko juu zaidi kidogo. Hewa ya huku ni nyepesi: shinikizo lake ni baa 0.88 hivi, asilimia 87 ya lile la Dar es Salaam. Hatulihisi, tumezaliwa nalo. Mpiga mbizi analihisi.

Chukua kanuni ya nusu. Baharini, mtu anaweza kukaa mita 10 na kupanda moja kwa moja, kwa sababu anatoka baa 2 kwenda baa 1. Mwanza anaishia baa 0.88, kwa hiyo mara mbili yake ni baa 1.76 tu. Kina chenye shinikizo hilo ziwani ni mita 9. Mita nzima imepotea, na maji hayajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni hewa iliyo juu yake.

Kadiri unavyoshuka ndivyo pengo linavyokua. Mita 25 za Ziwa Victoria, kwa hesabu ya deni, ni sawa na mita 28 za baharini. Sehemu za ndani kabisa za ziwa, mita 80 hivi, ni sawa na karibu mita 90. Mtu akizama hapa na jedwali la pwani mfukoni, anasoma risiti ya duka jingine.

Na kuna mtego wa ndege pia. Mtu akitoka Dar asubuhi akatua Mwanza na kuingia majini mchana, mwili wake bado una nitrojeni ya pwani, anaanza na deni dogo kabla hajalowa. Kinyume chake, aliyezama Nungwi asubuhi akapanda ndege ya jioni kuja Mwanza anajiweka pabaya zaidi, kwa sababu shinikizo ndani ya ndege hushuka hadi kama la mlima wa mita 2,400. Ushauri unaofuatwa na wengi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, saa 18 ukiwa umezama mara kadhaa, na zaidi ya hapo kama ulilazimika kusimama njiani.

Waliotutatulia hesabu hizi walitoka nchi yenye maziwa ya milimani: Uswisi. Kule Zürich, daktari Albert Bühlmann alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kupanua kazi ya Haldane, akafikisha makundi 16, na akaingiza shinikizo la hewa ya mahali ndani ya kanuni zenyewe. Kompyuta nyingi za kuzamia zinatumia kanuni zake mpaka sasa.

Bukoba, Ukara, na mpishi wa Nigeria

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Hesabu zinazotajwa zinakaribia 1,000, na hazikubaliani kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Makaburi ya Igoma yapo, kila mwaka tunakwenda.

Meli ilielea kwa muda ikiwa kifudifudi, na ndani kulikuwa na watu hai wanaogonga. Waliokuwa juu wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli. Ilipopata tundu ilitoka, na meli ikaenda chini, kwenye mita 25 hivi. Watu hawa walikuwa wanajaribu kuokoa. Hawakukosa huruma, kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka, vifaa na elimu ya kusema "ngoja kwanza". Baadaye wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini walikuja kusaidia kuopoa miili.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Watu 228 walikufa. Siku mbili baada ya ajali, fundi wa mitambo alikutwa hai ndani, amejihifadhi palipobaki hewa. Wapiga mbizi walimtoa, akapelekwa hospitali.

Mlinganishe na Harrison Okene, mpishi wa tishari la Jascon-4 lililopinduka pwani ya Nigeria Mei 2013. Naye alikaa ndani ya mfuko wa hewa, saa 60 hivi. Wapiga mbizi waliokwenda kuopoa maiti wakamkuta anapumua. Ila hawakumtoa na kumweka kwenye boti. Walimvisha vifaa, wakampeleka kwenye kengele ya kuzamia, ikapandishwa ikiwa imefungwa na shinikizo lake, akahamishiwa kwenye chumba cha shinikizo, akakaa humo zaidi ya siku mbili kabla ya kuonja hewa ya kawaida.

Kwa nini mmoja atoke siku hiyohiyo na mwingine afungwe? Kina tu. Kivuko cha Ukara kilikuwa kimeegemea maji mafupi, tumbo lake likionekana juu, shinikizo la ndani halikuzidi sana la nje. Tishari la Okene lilikuwa mita 30 chini. Baada ya saa 60 kwenye baa 4, kila chembe ya mwili wake ilikuwa imejaa nitrojeni mpaka pomoni. Kupandishwa moja kwa moja, kwa nia njema kabisa, kungeweza kumuua mbele ya waokoaji wake.

Fikiria hilo pamoja na MV Bukoba. Hata kama mtu angebaki hai ndani yake chini kule kwa siku mbili, kumfikia kungekuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ingehitaji chumba cha shinikizo, na mtu anayejua kwamba huku ziwani hesabu ni za mlimani.

Kifaa kinachorejeleza pumzi

Msomaji makini ataniuliza: teknolojia imekua, hakuna njia ya kulikwepa deni hili? Ipo ya kulipunguza, na historia yake inaanza mwaka uleule wa 1878.

Mwingereza Henry Fleuss aligundua kwamba tunapotoa pumzi tunatupa oksijeni nyingi tu. Akabuni mfuko unaoipokea pumzi, kemikali inayofyonza hewa ukaa, na mtungi mdogo wa oksijeni wa kujazia kilichotumika. Unavuta pumzi yako mwenyewe tena na tena. Mwaka 1880 mpiga mbizi Alexander Lambert alikitumia kutembea gizani ndani ya handaki la Severn lililofurika, akafunga mlango wa chuma ambao hakuna aliyeweza kuufikia kwa mpira mrefu wa hewa. Lakini kifaa kilikuwa cha oksijeni tupu, na Bert alikuwa ameshaonya: ukiivuta kwa shinikizo kubwa, degedege.

Vifaa vya leo vimetatua hilo kwa vipima oksijeni na kompyuta. Vinachanganya heliamu, gesi nyepesi isiyolewesha, ileile iliyotangazwa kugunduliwa kwa wingi bonde la Rukwa mwaka 2016. Mwili hutumia lita moja hadi mbili hivi za oksijeni kwa dakika, uwe mita 5 au mita 100, kwa hiyo zile lita 136 za Likoni hazipo tena. Na kwa sababu kompyuta hushikilia oksijeni kwenye kiwango cha juu kilicho salama, nitrojeni na heliamu zinazoingia mwilini ni pungufu na vituo vya kupandia vinafupika.

Tatizo ni kwamba mtungi wa kawaida ukiharibika unajua, hewa inakata. Kifaa hiki kikikosea unaweza usijue. Oksijeni ikipungua unazimia bila dalili. Ikizidi, degedege. Kemikali ikichoka, au ukihema kwa nguvu kuliko mapafu yanavyoweza kusukuma gesi nzito, hewa ukaa inajikusanya, na hewa ukaa inakunyang'anya akili kabla ya pumzi.

Mfano mchungu zaidi ulitokea Boesmansgat, shimo la maji kule Afrika Kusini lililo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yaani juu kuliko Mwanza. Oktoba 2004 David Shaw, rubani kutoka Australia, alifika mita 270 kwa kifaa hiki na kuuona mwili wa kijana aliyezama pale Desemba 1994. Akaahidi kuurudisha kwa wazazi. Tarehe 8 Januari 2005 alishuka tena na timu kubwa ya kumsaidia. Kule chini mwili haukukaa kama alivyotarajia, ukaelea, kamba zikamnasa. Alihangaika, pumzi ikapanda, hewa ukaa ikamshinda. Alikufa palepale. Mwenzake Don Shirley, aliyeshuka kumfuata, alipata hitilafu ya kifaa akageuka, kisha povu likamshambulia sikio la ndani. Alining'inia kwenye kamba kwa saa nyingi, kizunguzungu na kutapika, akilipa kituo kwa kituo. Alipona, lakini mizani ya mwili wake haikurudi kamili. Siku nne baadaye, vifaa vilipokuwa vinavutwa juu, miili yote miwili ikaibuka pamoja.

Tafiti za kitabibu zilizofuata hazikulaumu ushujaa wala woga. Zilionyesha kitu cha kawaida sana: kwenye kina kile gesi ni nzito mno kwa mapafu ya mtu anayefanya kazi. Kutulia unaweza, kuhangaika huwezi. Na kuopoa mwili ni kuhangaika.

Basi tudai nini?

Likoni, kabla ya gari kuonekana, wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji la Kenya walisaidiwa na wataalamu binafsi, wakiwemo wa kutoka Afrika Kusini. Walikuwa na giza, mikondo inayogeuka na bahari kujaa na kutoa, na zile dakika tano. Ukizidisha kasi katika hali hiyo huongezi uokoaji, unaongeza idadi ya wa kuokolewa.

Haina maana tunyamaze. Ina maana tudai vitu sahihi. Dakika za mwanzo ni za watu wa juu ya maji: orodha ya abiria, maboya ya kutosha, boti iliyo tayari. Ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 walitoka hai. Hapo hakuna jedwali la Haldane lililohitajika, kilihitajika mtumbwi, kasia na mtu jasiri.

Baada ya hapo saa inabadilika. Kwa kazi ya kina, swali la kumuuliza kiongozi siyo "mbona hawashuki?" Muulizeni: wanatumia hesabu za mita 0 au za mita 1,134? Nani amesimama juu akishika muda? Mpiga mbizi akitoka na ganzi miguuni, chumba cha shinikizo kiko wapi? Vinavyofahamika zaidi kwetu viko pwani, kama kile cha Matemwe, Zanzibar. Kumfikisha huko ni kwa ndege inayoruka chini sana, au inayoweza kutunza shinikizo la kutosha ndani, la sivyo safari yenyewe inamzidishia mapovu.

Kutoka kwa Haldane hadi kompyuta ya leo, hakuna aliyelifuta deni la kina. Kilichobadilika ni namna ya kuligawa na kulilipa. Kwa hiyo siku nyingine ukimwona mpiga mbizi ameshika kamba mita tatu chini ya maji, hasogei, saa inakwenda na watu ufukweni wananung'unika, ujue huyo hajapumzika. Yuko kazini, anakamilisha malipo, ili kesho aweze kushuka tena.